Kobe Anahitaji Shimo Lenye Unyevu, Si Sakafu ya Saruji

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Garissa, hasa wazazi, walimu na vijana wanaochunga mifugo



Mvua inaponyesha Garissa, iwe ya gu' au ya deyr, ardhi iliyokuwa ngumu kama tofali hulainika, na watoto wa kobe hutoka. Wengi hudhani wameletwa na mvua. Ukweli ni kwamba walikuwa chini ya udongo muda mrefu. Mama yao alichimba shimo, akamwaga mkojo kulainisha udongo, akataga na kufukia. Mayai ya kobe wa madoa, yule mwenye gamba la manjano lenye mabaka meusi kama ya chui, hukaa ardhini miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kitoto kikianguliwa wakati ardhi ni kavu hakiwezi kupenya juu. Hungoja humohumo hadi mvua imfungulie mlango.

Basi mtoto wa kobe huanza maisha katika wiki zenye unyevu mwingi kuliko zote za mwaka. Majani ni mabichi, udongo umelowa, umande upo asubuhi. Ni katika wiki hizo hizo mtoto wa mfugaji, akiwa nyuma ya mbuzi, humwona, humwokota kwa kuwa anatosha kiganjani, na kumpeleka nyumbani. Kobe huwekwa kwenye karai, au huachwa atembee kwenye sakafu ya saruji ndani ya chumba cha mabati. Hupewa kipande cha anjera, tambi zilizobaki, pengine na maziwa ya ngamia kwa nia njema kabisa. Siku za kwanza hutembea. Kisha hujibanza pembeni. Jilaal inapofika, macho yamezama ndani, ngozi ya miguu imekunjamana, na nyumba nzima inasema labda amekula kitu kibaya.

Mara nyingi hajala kitu kibaya. Hewa ya chumba imemnyonya maji.

Kabla ya kueleza namna ya kumtunza, kuna jambo la sheria ambalo halifai kupitiwa haraka. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kobe ni mnyamapori, na hakuna ruhusa ya kumfuga nyumbani bila kibali cha Shirika la Wanyamapori nchini, KWS. Haijalishi kwamba aliokotwa nyuma ya boma wala kwamba mtoto amempa jina. Wapo wanaodhani sheria hii ni ya ndovu na faru tu. Mwezi Mei 2025 mahakama moja jijini Nairobi iliwatoza vijana wawili kutoka Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, baada ya kupatikana Naivasha na maelfu ya sisimizi ndani ya vichupa. Waliohukumiwa walikuwa wameshika sisimizi. Kobe ni mkubwa zaidi ya sisimizi.

Katiba nayo imegawa kazi. Ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa, ndiyo maana kibali hutolewa na KWS. Huduma za mifugo na ustawi wa wanyama wanaotunzwa ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo maelezo haya yanawahusu watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wenye kibali, au taasisi kama shule inayotaka kukiomba. Wa pili, na hao ndio wengi, ni mtu ambaye tayari ana kobe uani leo na anapaswa kumweka hai hadi maofisa wamchukue. Wote wawili wanahitaji kujua kitu kimoja: unyevu.

Kuna usemi uliozoeleka katika mabula ya mji kwamba kobe hahitaji maji. Umetokana na macho kuona jambo la kweli na kulitafsiri vibaya. Ni kweli kobe wa madoa huishi mahali ambapo mvua kwa mwaka ni milimita mia tatu na kitu tu. Ni kweli pia kwamba anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Lakini hakai juani akivumilia. Asubuhi mapema hutoka, hula nyasi na mimea yenye maji kama dungusi, na jua likipanda huingia chini ya kichaka, ndani ya nyasi nene au kwenye tundu lililoachwa na mnyama mwingine. Huko ndani hewa haifanani na ya nje. Udongo wa chini una ubaridi na unyevu kidogo, na pumzi yake mwenyewe huongeza. Mchana kutwa yeye huishi katika hali ya hewa ambayo mpita njia haioni.

Tena ana akiba. Kibofu cha kobe ni kama mtungi wa nyumba: huhifadhi maji na mwili huyarudia wakati wa ukame. Taka zake hutoka kama uji mweupe mzito ili maji yasipotee. Hapa kuna jambo ambalo kila mwalimu angewaambia wanafunzi wake. Kobe anayenyanyuliwa ghafla hushtuka na kukojoa. Watoto hucheka wakisema amejikojolea. Kumbe amemwaga akiba ya miezi, na kama ni katikati ya jilaal, mvua ya kumjazia tena iko mbali. Anayemkuta akivuka barabara ya Modogashe au ya Dadaab na kutaka kumwokoa na magari amwinue polepole, karibu na ardhi, amvushe upande ule ule aliokuwa akielekea, amwache.

Sasa, kwa nini chumba kimkaushe kuliko nyika? Jibu liko katika tabia ya hewa. Hewa ya joto ina kiu zaidi ya hewa baridi. Asubuhi, joto likiwa nyuzi 25 na kipimo cha unyevu kikisoma asilimia 60, hakuna anayelalamika. Hewa ile ile ikipashwa hadi nyuzi 35, bila kupoteza hata tone moja la maji, kipimo hushuka hadi karibu asilimia 34. Nyuzi 35 kwa Garissa si habari ya kuandikwa gazetini. Chini ya mabati joto hupanda zaidi ya hapo, na kipimo huendelea kushuka. Akina mama wanaijua hewa hiyo: nguo iliyoanikwa saa sita hukauka kabla ya adhana ya adhuhuri kwisha, kama wasemavyo kwa utani. Hewa inayokausha kanga namna hiyo haiwezi kumwonea huruma kiumbe kidogo kilicho kwenye karai. Feni humzidishia, kwa sababu hupeperusha unyevu mdogo uliobaki karibu na mwili wake. Tena kadiri kobe anavyokuwa mdogo ndivyo anavyokauka haraka, kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya birika.

Kukauka huko huacha alama, na alama yenyewe haifutiki. Gamba la kobe limefunikwa na vigae vya kitu kile kile kinachofanya kucha ya mtu na kwato ya mbuzi. Kobe anapokua, kigae kipya huongezeka kwenye kingo. Kingo hizo zikikauka kabla hazijatulia, hukakamaa, na ukuaji unaofuata husukumwa kwenda juu badala ya kusambaa. Kila kigae huinuka kama nundu, na mgongo unaopaswa kuwa laini kama bakuli lililofunikwa huwa na vilima vilima. Mfugaji wa mbuzi aliyeona kwato zikipasuka wakati wa kiangazi kikali hatahitaji maelezo marefu.

Kwa miaka mingi waliofuga kobe katika nchi za nje waliamini kwamba nundu hizo hutokana na kulishwa chakula chenye protini nyingi. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, nchini Austria, walichapisha matokeo ya kulea watoto wa kobe wa sulcata, ambaye asili yake ni ukanda wa Saheli, nchi kavu kama hii. Waliwagawa katika makundi yenye viwango tofauti vya unyevu na vya protini. Waliokulia katika hewa kavu walipata nundu kubwa kuliko waliokulia katika hewa yenye unyevu. Protini ilichangia kidogo tu. Kwamba kobe wa jangwani ndiye aliyethibitisha hitaji la unyevu ni jambo la kushangaza mwanzoni, lakini mtu akikumbuka lile tundu chini ya kichaka, mshangao unakwisha. Hili halimaanishi kwamba mlo hauna maana. Kobe wa madoa ni mla nyasi. Anjera, tambi, wali, nyama na maziwa si chakula chake hata kidogo.

Nundu zenyewe ni sura tu. Kinachoumiza zaidi hakionekani. Mwili usiopata maji ya kutosha huacha zile taka nyeupe zigande ndani na kuwa mawe kwenye kibofu. Figo huchoka. Kobe huacha kula, na kwa kuwa ni mnyama wa polepole, kufa kwake nako ni kwa polepole. Anaweza kuchukua miezi, na mwenye nyumba asijue ni lini hasa mambo yaliharibika.

Wengine wamepata ushauri kutoka Mombasa au wameona picha za Haller Park kule Bamburi, ambako kobe mkubwa aitwaye Mzee alijulikana duniani kote baada ya mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa pwani ya Malindi mwishoni mwa 2004, kumfanya rafiki. Wengine wamevuka hadi kisiwa cha Changuu, Unguja, wakaona kobe wakubwa wakizurura uani bila kumwagiwa maji na mtu. Wale ni kobe wa Aldabra, asili yao visiwa vya Shelisheli, na wako pwani, ambako bahari yenyewe hufanya kazi ya kulowesha hewa usiku na mchana. Ushauri wa pwani ukiletwa Garissa bila kubadilishwa humkausha kobe.

Changuu ina funzo jingine. Kobe wanne waliletwa huko mwaka 1919 kama zawadi kutoka Shelisheli. Walizaana hadi kufikia 200 hivi mwaka 1955. Kisha watu wakaanza kuwaiba, kwa kuuza na kwa kula, na kufikia 1996 walibaki saba. Ilibidi serikali ya Zanzibar isaidiwe kujenga ua wa ulinzi. Kobe huchelewa kukomaa, na wengi wa watoto wake huliwa na ndege na wanyama kabla hawajakua. Kila mmoja anayebebwa kwenda nyumbani baada ya mvua ni hesabu inayoonekana miaka mingi baadaye.

Turudi uani. Anayemtunza kobe hapa hahitaji kulowesha uwanja mzima. Maji yanayofika kwa mkokoteni wa punda kwa bei ya mtungi hayawezi kumwagwa hovyo, na hata yakimwagwa, jua litayamaliza kwa dakika chache. Kinachotakiwa ni mahali pamoja padogo, palipofungwa, penye unyevu, ambapo kobe ataingia na kutoka atakavyo. Yaani, lile tundu la kichakani lijengwe upya.

Nyungu kuukuu ya udongo inafaa sana. Isipopatikana, jerikeni la lita 20 lililooshwa vizuri na kukatwa upande mmoja litatosha kwa kobe mdogo, mradi kingo zikwanguliwe zisimkate. Chombo hulazwa ubavu mahali penye kivuli cha kudumu. Mwarobaini, ambao mji huu umejaliwa kuwa nao kwa wingi, ni mzuri. Nusu yake huzikwa ardhini, na mdomo huelekezwa upande usiopigwa na jua la alasiri wala upepo. Ndani huwekwa mchanganyiko wa udongo na mchanga wenye kina cha sentimita kumi hivi, juu yake majani makavu au nyasi. Maji humiminwa taratibu ukutani, yateremke hadi chini, ili udongo wa chini uwe na unyevu na wa juu ubaki karibu mkavu. Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Kobe hulalia pakavu huku unyevu ukipanda kutoka chini na kuzuiliwa na paa la chombo. Mwisho, gunia hutandikwa juu na kuloweshwa asubuhi na tena kabla ya joto la saa nane. Watu wa Garissa waliokunywa maji baridi kutoka kwenye mtungi uliovikwa gunia bichi wanajua tayari kwa nini: maji yanapoyeyuka kwenda hewani huchukua joto nayo. Gunia hilo hupoza na kulowesha kwa wakati mmoja.

Vikombe vitatu vinne kwa siku vinatosha. Maji ya udhu yaliyokingwa kwenye beseni, yasiyo na sabuni, yanafaa kabisa. Maji ya kuoshea vyombo hayafai, wala ya kufulia.

Kwa kobe mkubwa, ambaye huweza kuzidi kilo kumi na akisukuma jambo hulisukuma kweli, jerikeni ni mzaha. Huchimbiwa shimo lenye mteremko chini ya mti, likaezekwa kwa mbao na udongo au kwa mkeka mkuukuu na nyasi. Ua wake uwe wa mawe au matofali yasiyoonyesha upande wa pili. Kobe akiona nje kupitia waya, siku nzima atajaribu kupita hapo, na atachoka na kukauka bure.

Kiasi gani cha unyevu? Kwa mtoto wa kobe, ndani ya kificho kipimo kisome kati ya asilimia 70 na 80. Kwa mkubwa si lazima hewa ya uani ipimwe kila saa. Akiwa na shimo lenye unyevu na maji ya kunywa, ataamua mwenyewe. Kipima unyevu kidogo cha dijitali hakina bei kubwa, lakini vingi vya bei nafuu husema uongo. Njia ya kukijaribu iko jikoni. Chumvi ya mezani hujazwa kwenye kifuniko cha chupa na kutiwa matone ya maji hadi ifanane na mchanga uliolowa, isiwe imeyeyuka. Kifuniko na kipimo huwekwa pamoja ndani ya kopo linalofungwa vizuri, mahali pasipo na jua, kuanzia usiku hadi asubuhi. Hewa iliyo juu ya chumvi yenye maji husimama kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, mwenyewe ajue kina upungufu wa saba na aongeze kila anaposoma.

Asiye na kipimo atumie macho na mkono. Udongo wa chini ukifinyangwa ushikamane bila kutoa maji. Macho ya kobe yawe yamejaa na maangavu. Taka nyeupe iwe laini kama dawa ya meno. Ikiwa ngumu kama chokaa, amekauka.

Mbali na kificho, kobe mdogo huogeshwa. Si kwa sabuni. Huwekwa kwenye sahani pana yenye maji ya uvuguvugu, yasiyovuka mwanzo wa gamba la chini na kichwa kikiwa juu ya maji, kwa dakika 15 au 20, mara tatu nne kwa wiki. Hapo atakunywa, mara nyingi atakojoa, na maji hubadilishwa. Sahani ya maji ibaki pia ndani ya ua, iwe ya chini kiasi cha kutoka bila kusaidiwa, kwani kobe aliyepinduka majini huzama.

Kuna wenye bidii ambao wakisikia neno unyevu humgeuza kobe kuwa kambare. Hilo nalo ni hatari. Mvua za El Niño za Novemba 2023 na mafuriko ya Aprili na Mei 2024, pale barabara ya kwenda Nairobi ilipokatika na Tana ikaingia majumbani, ziliwafanya watu wengi waweke wanyama popote palipoonekana pakavu. Kobe aliyekaa kwenye tope siku nyingi huanza kuoza gamba la chini. Madoa laini hutokea, na harufu huja baadaye. Akipata baridi pamoja na majimaji, hukohoa kwa namna yake: mapovu puani, mlio wakati wa kupumua, shingo iliyonyoshwa na mdomo wazi. Kwa hiyo deyr ikianza kunyesha sawasawa, gunia huondolewa, mfereji hukatwa kuzunguka kificho, na maji huachwa yafanywe na mawingu. Udongo wa ndani hubadilishwa ukinuka. Kipimo cha Januari hakiwi kipimo cha Novemba.

Wale wa mtoni, wenye gamba jeusi na bapa wanaoonekana kando ya Tana na kwenye mabwawa ya mifugo, ni kobe wa majini. Maelezo haya hayawahusu. Waachwe majini.

Sasa jambo la dawa, nalo ni la uhai na kifo. Karibu kila boma la mifugo lina chupa ya ivermectin kwa ajili ya minyoo na kupe wa mbuzi na ngamia. Kobe asidungwe wala asinyweshwe dawa hiyo kamwe. Inayomponya mbuzi humpooza kobe na kumuua. Wala asiogeshwe kwa dawa ya kupe. Kupe wa kobe hutolewa kwa kibano, mmoja mmoja, na kuchomwa moto.

Na kupe hao si wa kupuuzwa. Mwezi Machi mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingizwa kwa kobe wa madoa nchini humo, pamoja na aina nyingine mbili za Afrika. Hofu haikuwa kobe wenyewe. Ilikuwa kupe wao, wanaoweza kubeba ugonjwa wa mifugo unaojaza maji kwenye mfuko wa moyo na kuua ng'ombe, kondoo na mbuzi. Nchi yenye madaktari wa mifugo wengi kuliko Kenya iliogopa kupe wa kobe. Kwa kaunti ambayo familia nyingi zinaishi kwa mbuzi na ngombe, ua wa kobe haufai kuwa ubavuni mwa zizi la wana-mbuzi, na kile kificho chenye kivuli na unyevu kikaguliwe kila wiki, kwa maana kupe naye anakipenda. Mtoto aliyemshika kobe anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye mwenyewe kuugua.

Wakazi wa Bour-Algi wameishi na twiga karibu na mji kwa miaka mingi bila kuwafunga kamba. Kobe naye huweza kuwa jirani kwa namna hiyo. Shamba lenye kichaka kilichoachwa bila kufyekwa, na sahani ya maji chini ya mti wakati wa jilaal, litamleta lenyewe, atakunywa, ataondoka. Hapo hakuna kibali kinachohitajika na hakuna unyevu wa kupimwa.

Aliye na kobe nyumbani na hana kibali apeleke taarifa kwenye ofisi ya KWS ya Garissa, au amwombe chifu wa eneo lake ampeleke taarifa hiyo. Kobe akiwa mgonjwa, aseme hivyo mapema, na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ijulishwe. Wakati wa kumsafirisha, kobe huwekwa ndani ya katoni imara yenye matundu, juu ya kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Chombo cha maji kisiwekwe ndani, kitamwagika. Katoni isifungwe kwenye keria ya pikipiki saa saba mchana. Safari ifanywe asubuhi au baada ya alasiri. Juu ya katoni iandikwe mahali hasa alipookotwa, laga gani, karibu na kisima kipi, na ni mwezi gani, kwa sababu maofisa wakiona anafaa kurudishwa nyikani, hapo ndipo watakapotaka kumrudisha.